Kadi Itakayomgeuza Fulgence

Jumanne, 1 Septemba 1998

Daftari jipya. La zamani limejaa malalamiko ya mvua za El Nino, inatosha sasa.

Studio kimya leo. Picha za pasipoti tatu tu, na bwana mmoja aliyetaka apigwe ameshika simu ya mezani, eti anaongea na watu wa Dar. Simu yenyewe ya Mzee Athanasi mwenye studio, haina waya! Nikampiga. Kaongea kweli, na mikono anairusha.

Mchana kaja Sefu. Ana duka la redio mlango wa pili kutoka studio, na tangu Juni ana kompyuta, ya kwanza mtaa huu, basi hatupumui. Leo kaja na uvumi. Kuna kadi mpya inakuja. Kadi ya picha, grafiksi, inachomekwa ndani ya kompyuta. Iliyomo humo kwake ni ya kizazi cha kwanza, megabaiti nne. Hii ya kizazi kijacho ni kumi na sita! Inatoka Desemba. Au Machi. Wengine wanasema imeshatoka ila inafichwa. Nikamuuliza, sasa hiyo kadi inafanya nini? Akasema, dada Walburga, inageuza picha. Unaipa picha ya mtu aliyepigwa kwa mbele, inamgeuza, unamwona kisogo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisogo! Nani anataka picha ya kisogo?

Sasa niko nyumbani naandika na kicheko kimekwisha. Sikuipenda habari ile.


Jumamosi, 5 Septemba

Uvumi umefika nyumbani Mfaranyaki kabla yangu. Namkuta Mama barazani anachambua maharage kwa vidole, uso kauinua juu kama anasikiliza redio. Hata viatu sijavua — Walbu, ni kweli kuna mashine inageuza picha? Kaambiwa na mama mmoja wa kwaya, naye kaambiwa na dereva wa basi la Njombe. Huyo dereva kaongeza chumvi yake: picha ikishageuka, mtu anapepesa macho.

Nikasema ni porojo za Sefu. Akasema, basi nitamngojea Sefu.

Kaingia ndani, kasimama mbele ya picha ya marehemu kaka Fulgence ukutani. Karibu sana, pua inataka kugusa kioo. Mama ana presha ya macho. Anaona kama anachungulia ndani ya bomba, katikati kuna mwanga, pembeni giza, na bomba linazidi kuwa jembamba. Akaanza kuhama mbele ya fremu, hatua kushoto, hatua kulia, kama mtu anayetaka kuona aliyejificha nyuma ya mlango.

Nikaenda jikoni kusonga ugali. Ulijaa madonge. Mama kala bila kusema neno, yeye ambaye donge moja tu linamfanya ataje ukoo mzima wa baba!


Jumatano, 9 Septemba

Leo Bruda Otto kaja mjini kutoka Hanga. Huko monasterini ndiye fundi wa redio na pampu, kila Jumatano anapitia kwa Sefu kutafuta vipuri. Tumsifu Yesu Kristu, milele amina, na moja kwa moja kwenye kadi! Maana ana jarida la Kijerumani, la miezi mitatu nyuma, anatusomea huku kidole kinatembea kwenye mistari. Ukurasa mzima wa kadi hiyo na picha yake haipo. Wameweka boksi jeusi lenye alama ya kuuliza. Bruda kacheka, hata wenyewe wanakisia tu. Mmoja anasema kumi na sita, mwingine thelathini na mbili. Mmoja anasema itahitaji feni yake peke yake. Mwingine anaapa haitatoka kabisa.

Kisha Sefu akatuonyesha ile aliyo nayo sasa inavyofanya. Kuna kichwa cha mtu, kipara, rangi ya udongo, kinazunguka polepole kwenye skrini. Kwa mbele kizuri kabisa. Kikageuka — nyuma hakuna kitu! Unauona uso kwa ndani, pua ni shimo, macho ni mabonde mawili. Mteja mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto akapiga yowe, mama wa watu akaondoka bila betri zake.

Sefu hakukoma. Kuna mashine ya kunakili picha, wanaiita skana. Akaweka picha yake mwenyewe, akaivisha kile kichwa. Uso ulikaa sawa, lakini kwenye masikio ukavutika kama unga wa chapati. Bruda akaeleza kwamba mashine haijui kilichoko nyuma, kwa hiyo inakisia.

Nikauliza, na hiyo mpya?

Bruda kavua miwani, kaifuta kwa kanzu. Wameandika kwamba haitakisia.

Sasa itajuaje? — Hilo hawakuandika, akasema.


Jumapili, 13 Septemba

Mama kaenda misa ya kwanza. Nimebaki na picha. Niandike basi, hili sijawahi kuliandika mahali popote.

Yule ukutani si Fulgence. Ni mimi.

Februari 1995 kaka alikuja studio, kesho yake anakwenda Tunduru kuchimba vito. Nusu ya vijana wa Songea walikuwa njia moja mwaka ule. Alikuwa hapendi kamera, huyo! Picha yake ya komunyo ya kwanza ililiwa na mchwa, wala hakusikitika. Lakini siku ile alikubali, kwa ajili ya Mama. Nikampiga nne.

Nikaingia chumba cha giza peke yangu. Dawa zetu ziko kwenye chupa za juisi, hazina karatasi, unazijua kwa mahali zinapokaa. Kulia ya kuamsha picha, kushoto ya kuikaza. Asubuhi ile nilipiga deki, nikazihamisha mimi mwenyewe kwa mikono hii. Nikaanza na ya kukaza. Mkanda ukatoka mweupe, unaona ukuta upande wa pili. Fulgence hakuna. Nikajiambia, akirudi nitampiga tena, hatajua.

Mei shimo likamfukia. Wenzake walichimba siku mbili wakaacha. Hatukuletewa hata ukucha.

Msibani tulinyolewa wote, wanaume na wanawake, kama ilivyo kwetu. Siku ya tatu Mama akauliza, ile picha aliyopiga kwako iko wapi? Nikasema inakauka. Inakauka! Tangu Februari!

Mzee Athanasi mwenye studio alikitazama kichwa changu kilichonyolewa, akasema, lete koti lake. Kazi ya kukalisha watu kaifanya miaka mingi. Mtu akifa bila picha, ndugu anayefanana naye anavaa nguo zake, anakaa mbele ya kamera, familia inapata cha kuweka ukutani. Si siri kwao, wanajua na wanashukuru. Sisi ndio tuliofanya siri. Nikakaa. Akanipiga kiubavu, sikio la kulia mbele, kwa sababu Fulgence alikuwa na kovu nyuma ya sikio la kushoto na mimi sina. Tundu la hereni kalifuta kwa penseli juu ya negativu, robo saa nzima kainama.

Mama aliipokea akaibusu. Miaka mitatu anaiambia habari za asubuhi. Kaburi hatuna, kaburi letu ndiyo hiyo picha. Tarehe mbili Novemba wenzetu wanakwenda makaburini na mishumaa, Mama anawasha wa kwake chini ya uso wangu.

Sasa kadi ije igeuze. Kovu hakuna, na sikio la pili lina tundu la mwanamke. Mama atajua kwamba miaka mitatu amekuwa akimwombea mtu aliye hai, na mwanawe hana hata karatasi.

Nimeshaandika. Nilidhani nitapumua vizuri zaidi.


Ijumaa, 18 Septemba

Jamani watu! Wamekuja sita leo, na picha za marehemu wao kwenye bahasha, kwenye Biblia, moja kwenye mfuko wa sukari. Wanataka waandikwe kwenye orodha, kadi ikifika wawe wa kwanza. Nimewaambia orodha haipo. Wanasema tuanzishie.

Mmoja mjane wa Lizaboni. Mumewe aliondoka nyumbani wamegombana, akafia njiani. Anasema, nataka tu nimwone akigeuka, siku ile hakugeuka.

Nimemwandika. Ningefanyaje?


Jumatatu, 28 Septemba

Nimempeleka Mama hospitali. Daktari kammulika macho muda mrefu, kasema kwa upole kwamba jicho la kulia limekwisha. La kushoto labda lifike Krismasi.

Mama hakulia. Njiani kanishika mkono: hiyo kadi inatoka lini? Nikasema Desemba, au Machi, au haitoki. Akasema, Machi mimi sina.

Tukapumzika kwenye ngazi za posta. Hapo ndipo akaniambia. Lile kovu la Fulgence ni yeye Mama aliyempa. Fulgence alikuwa mgongoni, wa miezi minane, Mama kaepua chungu cha uji kwa nguvu kwa sababu alikuwa na hasira na baba, uji ukaruka nyuma. Watu wote waliambiwa mtoto alipiga teke. Kila alipomwogesha alipitisha kidole pale na kuomba radhi moyoni. Mtoto akakua, haogeshwi tena, ikabaki hivyohivyo. Sasa anataka alione mara moja, aombe kwa mdomo. Uso ninao ukutani, kasema. Kovu ndilo sina.

Uso huna, Mama! Hata uso huna! Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema, twende Mama, jua kali.

Mimi ni mtu mbaya.


Jumapili, 11 Oktoba

Habari njema! Bruda kanikuta kanisani na jarida jipya. Kadi imeahirishwa. Mitambo imegoma, au wakubwa wamegombana, kila ukurasa una yake. Mwakani katikati, pengine. Nilinunua vitumbua nikagawa mpaka kwa watoto nisiowajua.

Sefu yuko Dar kuchukua mzigo, wiki ya pili sasa.

Nikamweleza Mama taratibu, nimeivisha sauti huzuni. Kasikiliza. Akasema, Sefu akirudi mwambie aje anisalimie.


Jumamosi, 24 Oktoba

Sefu karudi. Anayo.

Sikuamini. Kaitoa ndani ya gazeti, haina boksi, haina karatasi. Bamba la kijani, kubwa kuliko lile la zamani, na katikati kile kidude cheusi ambacho kwa kawaida kina maandishi. Hiki hakina herufi hata moja. Nikamuuliza kaipata wapi. Kariakoo, chochoro moja hivi, kuna mtu alimwita kwa jina. Hakutaka bei. Alisema tu, ipeleke kwenu, kuna mtu anaingojea. Sefu kacheka, maneno ya biashara hayo, dada, wallahi Kariakoo wana maneno!

Kaifunga mbele yangu. Kompyuta ikawaka vizuri. Baada ya saa nzima kafungua kifuniko, kaniambia nishike. Vyote humo ndani vya moto. Yenyewe baridi kama mtungi wa maji.

Sijamwambia Mama.


Jumatatu, 26 Oktoba

Nimeona bora nijue mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Nimechapisha nakala kutoka kwenye negativu yetu, adhuhuri nikaenda kwa Sefu. Kaiweka kwenye skana, kanionyesha kitufe, kaenda msikitini kuswali. Nikawa peke yangu.

Nikabonyeza.

Alianza kugeuka. Polepole sana, kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeitwa na hana haraka. Nilingoja masikio yavutike. Hayakuvutika. Shavu la pili likaja, zima, na vinyweleo. Sikio la kushoto likaja. Halina tundu. Nikasogea, nikaangalia tena — halina! Kisha shingo, kola ya koti, na nyuma ya sikio ngozi iliyokunjamana, inayong'aa, ukubwa wa jani changa la boga.

Kovu.

Nikajishika nyuma ya sikio langu. Laini. Nikashika hereni yangu, ipo. Nikafuta skrini kwa kanga, nikabonyeza upya, akageuka upya, nalo likaja upya.

Sefu karudi, kasimama nyuma yangu: Mashaallah! Ni nani huyu? Nikasema kaka yangu. Kanitazama, kaitazama skrini. Akasema mnafanana, lakini si sana.

Si sana! Mimi ndiye niliyekaa pale! Nimezima mashine, nikaondoka bila kumuaga Sefu. Ningepaswa kufurahi, siri yangu imefunikwa vizuri kuliko ilivyowahi kuwa. Sijafurahi.


Jumanne, 27 Oktoba

Nimekwenda Bombambili kwa Mzee Athanasi, magoti hayamruhusu tena kuja studio. Shikamoo Mzee — marahaba, mbona umekauka hivyo? Nikampa negativu. Kainua kwenye dirisha. Yumo humo binti aliyenyolewa, koti limempwaya, na alama ya penseli kwenye sikio. Negativu haijabadilika hata nukta.

Nikamweleza niliyoyaona. Kairudisha negativu dirishani, kaiangalia upya mpaka mkewe akaja kuuliza kama tunataka maji.

Akasema, tundu moja nililifuta mimi. La pili halikuwa kwenye picha. Kalifuta nani? Na kovu sikulichora, sikuwahi hata kuliona, niliambiwa tu na wewe.

Nikauliza, nimpeleke Mama au nisimpeleke? Kasema nisimpeleke. Niko mlangoni kaniita tena, kasema, au mpeleke, mwanangu, mimi sijui. Miaka ishirini nimekalisha watu mahali pa wafu. Sikuwahi kufikiri kwamba wenyewe wanaweza kupataka mahali pao.




Ijumaa, 30 Oktoba

Bruda Otto kaja siku isiyo yake, kwa baiskeli ya mtu kutoka stendi. Kapata barua ya rafiki yake fundi huko Ulaya, alimwandikia kuuliza. Kadi ile haijatengenezwa. Hata ya majaribio hakuna, kuna michoro ya karatasi tu na majina wanayobishania. Hakuna duniani mtu aliyeishika.

Sefu kasema, mimi ninayo, Bruda. Kafungua kifuniko. Bruda kainama, kaangalia, hakugusa. Kafunga kifuniko mwenyewe, taratibu, kisha kafanya ishara ya msalaba haraka haraka kama mtu anayefukuza nzi. Chai alikataa.

Akatuuliza jambo moja. Huu uvumi ulianzia kwa nani? Mama wa kwaya kaupata kwa dereva. Dereva kaupata hapahapa dukani. Na wewe Sefu? Sefu kakuna kidevu. Aliusikia kwa mteja tu, mwishoni mwa Agosti, kijana mmoja alinunua betri za tochi. Mikono udongo mwekundu mpaka viwikoni. Wachimbaji wanapita wengi, hakumtazama vizuri.

Nikasema nina wateja. Sikuwa na mteja hata mmoja.


Jumapili, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Mama kanizidi akili. Baada ya misa kanitoroka, kashika ukuta kwa ukuta mpaka dukani, kamkuta Sefu anafagia. Sefu naye ulimi hauna kufuli! Kila kitu kamweleza. Kadi ipo, picha imegeuka, kovu linaonekana kama jana.

Kesho basi, baada ya misa ya marehemu.

Kapiga pasi gauni lake la kijani mwenyewe, anapapasa mikunjo kwa vidole, anaimba. Kuimba! Miezi mingapi sijamsikia. Nilikaa naye nikasema, Mama, kuna kitu kuhusu ile picha. Akasema, najua, ni nzuri, ulifanya kazi nzuri, Mungu akubariki mikono yako.

Nikaenda kusimama uani.

Nimejishauri hivi. Kovu lipo. Ataliona, ataomba radhi, ataingia gizani ametulia. Nani kaumia? Hakuna. Kwa hiyo ninyamaze. Mtu mwenye akili angenyamaza na kushukuru. Mbona basi natamani lisingekuwepo?


Jumatatu, 2 Novemba

Saa tano asubuhi. Tumetoka misa. Mama kabeba picha ya ukutani mwenyewe, ndani ya kitenge, hakutaka nakala. Niko studio naandika haraka, Sefu anaandaa kiti.

Saa sita na nusu. Imefanyika. Aligeuka vilevile, bila haraka, kwa kushoto. Sefu kamsogeza Mama mpaka bomba la jicho lake likakuta mahali. Mama akasema, hapo. Kanyoosha kidole, kakigusa kioo, kakipitisha juu ya lile kovu kutoka juu kwenda chini. Kisha akaongea naye kwa Kingoni, maneno ya kumwogesha mtoto, siwezi kuyaandika. Mwisho akasema niliepua kwa hasira, baba, si wewe uliyepiga teke. Sefu alitoka nje. Mimi nililia kwa sauti, sikujali.

Nikasema moyoni, imekwisha. Nashukuru.

Saa nane na robo. Umeme umekatika, zamu yetu ya mgao. Sefu kakimbia kutafuta jenereta ya jirani. Mlango wa duka tumeuegesha, mwanga unaingia kwenye ufa tu. Skrini nyeusi. Mama hajaondoka kwenye kiti.

Nikamwambia, Mama, umeme umekatika. Akasema, najua, nimesikia feni ikinyamaza. Lakini bado anageuka.

Nikangoja. Nilidhani ni machozi, au ni macho. Anatikisa kichwa kidogo kidogo, kama anavyofanya akisikiliza mtu mwenye habari ndefu. Mara anaitikia, ehe. Mara, pole, baba. Nimesogea nikaangalia kiooni. Kuna kivuli cha Mama na kivuli changu nyuma yake. Viwili. Nimehesabu mara nyingi kuliko inavyotakiwa kuhesabu vitu viwili.

Kaniita. Si sauti ya kulia, sauti ya kawaida, ya kuniuliza kama nimefunga kuku. Walbu, kaka yako kanisamehe. Nikasema, tumshukuru Mungu, Mama, twende nyumbani. Akasema, bado. Ana swali. Si langu, ni lako. Anauliza yule aliyekaa mahali pake ukutani ni nani.

Nikasema sijaelewa. Nimekaa kwenye kreti ya soda, nimefungua daftari juu ya goti, maana mikono inataka kazi. Sefu hajarudi. Nje wanapita watu wanaongea habari za mbolea.

Mama kakigeuza kiti. Hatazami tena skrini, uso wake umeelekea kwangu, lakini si kwangu hasa, pembeni kidogo ya bega langu. Kasema nisiogope, hajakasirika. Sijauliza ni nani hajakasirika.

Anasikia kalamu. Kauliza naandika nini saa hizi. Nikasema, Mama, ngoja nimalizie mstari mmoja tu.

Kasema, malizia, mwanangu. Tunangoja.